Mali Bila Daftari: Kadi Zilizowafuata Wezi wa Hitler kwa Miaka 70

Septemba 2010. Treni inatoka Zurich, Uswisi, ikielekea Munich, Ujerumani. Maafisa wa forodha wanapita wakikagua abiria, na wanapata mzee mmoja ako na Euro 9,000 taslimu. Kubeba hiyo doh si kosa kisheria. Lakini kuna kitu hakikuwakaa sawa kuhusu huyo mzee, wakaanza kumfuatilia polepole.

2012 wakaingia kwa nyumba yake Munich. Walitarajia kesi ya ushuru. Wakapata kazi za sanaa zaidi ya 1,200. Picasso. Chagall. Matisse. Vitu ambavyo ukienda kuviona makumbusho unalipa kiingilio na askari anakutazama kama mwizi, mzee alikuwa anaishi navyo kwa fleti.

Jina lake Cornelius Gurlitt. Babake, Hildebrand Gurlitt, alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wa sanaa waliofanya kazi na serikali ya Hitler. Stori ilipotoka kwa magazeti Novemba 2013, dunia nzima ilikuwa inauliza, hizi mali zina thamani ya pesa ngapi? Swali la maana lilikuwa lingine: hizi mali ni za nani?

Na jibu la mchoro mmoja, mwanamke aliyekaa kitini, kazi ya Henri Matisse, lilikuwa linangoja kwa makaratasi ya galari moja ya Paris. Lilingoja miaka 70 na ushee.

Leo nataka tuongee kuhusu hayo makaratasi. Najua neno “nyaraka” linakufanya utake kuendelea kuskroli. Tulia kidogo. Mimi si profesa, kampasi niliiacha katikati, lakini hii historia inakuhusu kuliko unavyodhani, hasa kama wewe huchora, hupiga picha, hutengeneza biti, ama una chochote ambacho siku moja utataka kusema “hii ni yangu” na watu waamini.

Bwana wa 21 rue La Boétie

Mwenye galari aliitwa Paul Rosenberg. Mfaransa, Myahudi, alizaliwa 1881, babake alikuwa anauza vitu vya kale. Galari yake ilikuwa mtaa wa rue La Boétie, nambari 21, Paris. Kuanzia 1918 alikuwa anamuuzia Picasso kazi zake. Picasso mwenyewe alihamia nyumba ya pili, nambari 23, so hawa walikuwa majirani wa kuongea dirishani. Baadaye wakaja Georges Braque na Fernand Léger, na 1936 Matisse.

Leo hayo majina yanasikika kama pesa. Wakati huo hapana. Watu wengi waliona hizo kazi kama mtoto amemwaga rangi. Kazi ya Rosenberg ilikuwa kushawishi matajiri waweke pesa kwa kitu ambacho majirani zao wangecheka.

Sasa sikiza mbinu yake. Kitu kikiingia galari, kinapigwa picha. Kinapewa nambari. Kinaandikiwa: nani amechora, kina ukubwa gani, kimetoka wapi, kimeuzwa kwa nani. Barua za wasanii zinawekwa. Barua za wanunuzi zinawekwa. Mchoro ukienda kwa maonyesho, inaandikwa. Ukirudi, inaandikwa.

Hakuna kitu cha kusisimua hapo. Ni kazi ya karani. Hakuna mtu alikuja 21 rue La Boétie kuangalia kadi, walikuja kuangalia Picasso. Rosenberg alikuwa anafanya hivyo kwa sababu ya biashara tu: ukijua historia ya mchoro, unaweza kumwambia mnunuzi bila kumeza mate kwamba huu ni halisi. Hakujua anajenga kesi ya mahakamani.

Wakati wezi wako na daftari pia

Juni 1940 Ujerumani ikachukua Paris. Rosenberg alikuwa ashatoka na familia, wako karibu na Bordeaux. Wakapitia Uhispania na Ureno, na kufika Septemba mwaka huo walikuwa New York. Mwanawe Alexandre, kijana wa umri wa wasomaji wangu wengi, hakupanda meli ya Marekani. Alienda kujiunga na jeshi la Ufaransa Huru.

Nyuma, mali ilibaki. Baadhi kwa nyumba, baadhi kwa benki. Kwenye sanduku la benki mji wa Libourne peke yake, Manazi walitoa kazi 162. Kwa jumla alipoteza karibu 400. Na nyumba ya rue La Boétie? Waliifanya taasisi ya kueneza chuki dhidi ya Wayahudi. Kuta zilezile za Picasso. Halafu 1942 serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Hitler ikamvua Rosenberg uraia.

Kikosi kilichokuwa kinaiba sanaa Ufaransa kilikuwa na jina la bosi wake, Alfred Rosenberg, Nazi kamili. Hawana undugu wowote na Paul. Rosenberg anamwibia Rosenberg. Historia wakati mwingine huandika utani wake mwenyewe.

Lakini hebu jiulize. Manazi walikuwa wanaita sanaa ya kisasa uchafu. 1937 waliandaa maonyesho Munich kuidhihaki, wakaita watu waje wacheke. Sasa kwa nini waibe uchafu? Kwa sababu uchafu ulikuwa unauzika. Hermann Göring, mkubwa wa jeshi la anga, alikuwa anachukua Matisse ya mtu na kuibadilisha kwa michoro ya kale aliyoipenda. Kwake hiyo sanaa ilikuwa kama noti tu.

Na hapa ndipo inakuwa noma: wezi pia waliandika. Kazi zilizoibwa zilikuwa zinapelekwa jumba la Jeu de Paume, katikati ya Paris. Zinapigwa picha, zinapewa nambari, zinaandikiwa zimetoka kwa nani. Zaidi ya vitu 20,000 viliandikwa kwa mfumo huo. Walikuwa na uhakika wa kushinda kiasi kwamba hawakuona shida kujiandikia ushahidi.

Ndani ya hilo jumba kulikuwa na mwanamke anaitwa Rose Valland. Mfaransa, mfanyakazi wa makumbusho, mtulivu, anavaa kawaida, hakuna mtu anamwangalia mara mbili. Manazi hawakujua anaelewa Kijerumani. Akawa anasikiza. Akawa ananakili kwa siri: mchoro gani, umetoka kwa nani, unapelekwa wapi, na treni gani. Miaka minne. Kama wangemshika, ni risasi.

Agosti 1944, siku Paris inakombolewa, treni moja ilikuwa imekwama nje ya mji, Aulnay. Ndani, masanduku 148 ya sanaa ya kisasa yakielekea Ujerumani. Habari za Valland zilikuwa zimefikia wapiganaji wa Ufaransa, na kikosi kidogo kikatumwa kuishika. Luteni aliyekuwa anaongoza hicho kikosi alikuwa Alexandre Rosenberg. Walipofungua masanduku, akakuta vitu alivyokua akiviona ukutani nyumbani kwao.

Ukiona hiyo kwa filamu utasema mwandishi amezidisha. Ilifanyika.

Vita vya pili vilikuwa vya karatasi

Watu hudhani vita vikiisha, mwenye mali anarudishiwa mali. Si hivyo. 1945 Paul Rosenberg alienda Uswisi mwenyewe, nchi ambayo haikupigana, na akapata michoro yake kwa wanunuzi wenye heshima zao. Mmoja alikuwa Emil Bührle, tajiri wa kutengeneza silaha. Kila mtu alikuwa na maneno yaleyale unayosikia ukimpata mtu na simu yako River Road: mimi nilinunua, sikujua.

Unajibuje hapo? Machozi hayatoshi. Rosenberg alikuwa na orodha na picha. 1948 Mahakama ya Shirikisho ya Uswisi ikaamua kazi zilizoibwa zirudi kwa wenyewe. Bührle akalazimika kurudisha, halafu akanunua tena baadhi, safari hii kutoka kwa mwenye mali halisi.

Rosenberg alifariki 1959 bila kupata zote. Na hapa ndipo napenda hii historia, kwa sababu binadamu alienda lakini kadi zilibaki kazini.

1999: makumbusho ya sanaa ya Seattle, Marekani, inarudisha mchoro wa Matisse kwa familia. Ulikuwa zawadi kutoka kwa familia ya wafadhili, watu walionunua bila kujua.

2014: makumbusho ya Henie Onstad, Norwe, inarudisha Matisse nyingine, mwanamke mwenye gauni la buluu mbele ya mahali pa moto, kazi ya 1937. Hiyo ilitolewa lile sanduku la Libourne 1941, ikapita mikononi mwa Göring, na baada ya vita ikanunuliwa Paris tena kama bidhaa safi.

Mei 2015: yule mwanamke wa kitini, wa fleti ya Munich, anarudi. Gurlitt alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Kila mtu wa stori ya mwanzo alikuwa kaburini. Aliyeiba, aliyeibiwa, aliyeficha. Kilichobaki hai ni picha na maandishi.

Leo nyaraka za Paul Rosenberg ziko makavazi ya MoMA, jumba la sanaa ya kisasa New York, na watafiti huzisoma. Kazi kadhaa bado hazijapatikana. Kama uko na moja sebuleni, jua kuna kadi mahali ina picha yake.

Karatasi ikitiwa sumu

Usifikirie nakuambia kila karatasi ni msema kweli. Sisi Wakenya tunajua taito mbili zinaweza kutoka kwa shamba moja.

Uingereza miaka ya 80 na 90 kulikuwa na mjanja anaitwa John Drewe. Alikuwa na mchoraji, John Myatt, aliyemtengenezea feki karibu 200 za wasanii wa kisasa. Feki zenyewe hazikuwa kali hivyo. Myatt alikuwa anatumia rangi ya kupaka nyumba. Mtu akiangalia kwa makini angegundua.

Lakini Drewe alijua siri moja: wanunuzi wakubwa hawaangalii tu mchoro, wanaangalia makaratasi yake. So akaacha kuhangaika na mchoro, akaenda kushambulia makavazi. Alijifanya mwanasayansi na mfadhili, akatoa pauni 20,000 kwa jumba la Tate, akafunguliwa mlango wa nyaraka. Watu wengine wakiingia makavazi huogopwa wasiibe. Huyu alikuwa anaingia kuongeza. Alichomeka hati na picha za kubuni kati ya zile za kweli, zikiwemo za galari ya zamani ya London iliyoitwa Hanover Gallery. Mnunuzi akija kuuliza, anakuta “ushahidi” umelala hapo, umetulia, kama umekaa miaka 40.

1999 Drewe alifungwa miaka sita. Lakini fikiria uharibifu. Feki zinaweza kuchomwa. Faili iliyochafuliwa utaisafisha vipi, kama hujui ni karatasi gani amegusa?

Mimi naona Drewe alithibitisha kitu ambacho walimu wetu wa historia hawakuwahi kutuambia wazi. Mwizi mwerevu haibi kitu. Anaiba kumbukumbu ya kitu. Akishika hiyo, kitu kitamfuata chenyewe.

Na wale hawakuwa na kadi?

Hapa ndipo hii historia inaniuma. Rosenberg alirudishiwa kwa sababu alikuwa na haki, ndiyo. Lakini pia alikuwa na kamera, benki, makarani na mawakili. Kulikuwa na familia nyingi za Kiyahudi zilizokuwa na mchoro mmoja tu juu ya kochi, bila picha, bila nambari, bila risiti. Haki yao ilikuwa sawa na ya Rosenberg. Ushahidi haukuwa. Dunia hii humpa haki mwenye ushahidi, na mwenye uchungu peke yake huambiwa pole.

Sasa rudi nyumbani. Wamijikenda huko Pwani husimamisha vigango, nguzo zilizochongwa kwa heshima ya wanaume waliofariki. Kigango hakihamishwi. Ni kama kung'oa kaburi. Lakini kwa miaka mingi vimeng'olewa usiku, vikauzwa, vikaishia kwa makumbusho na nyumba za matajiri Marekani, vinaitwa “sanaa ya Kiafrika”.

1985 mtafiti wa utamaduni, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akiwa karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si muda vikaibwa. Miaka 14 baadaye, 1999, Udvardy yuko kwa kongamano, mtafiti mwenzake Linda Giles anaonyesha picha za vigango vilivyoko makumbusho ya Illinois. Udvardy akakitambua kimoja. Kingine kikapatikana Hampton University, Virginia. Vyote viwili vikarudi, na 2007 familia ikavipokea Pwani. Mzee mwenyewe alikuwa ashafariki.

Picha moja. Bila ile picha, ungeenda Illinois useme nini? “Hiki ni cha babu yangu”? Wangekuuliza una uthibitisho gani.

Na fikiria vingine. Mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko nje, uliofanywa na watafiti na wasanii wa hapa pamoja na wenzao Ujerumani, ulipata zaidi ya vitu 32,000 kwa taasisi 30. Karibu kila kitu tunachokijua kuhusu mahali viko, tunakijua kwa daftari za wale waliovichukua. Wao ndio wenye kadi. Sisi tuna masimulizi ya nyanya, na nyanya wanatuacha mmoja mmoja.

Hata tulipoanza wenyewe, moto ulitufuata. Galari ya Paa ya Paa ilianzishwa Nairobi 1965, Elimo Njau akiwa mmoja wa waanzilishi, mahali pa wasanii Waafrika kuonyesha kazi zao bila kuomba ruhusa ya mtu. 1997 ikashika moto. Kazi nyingi zikaenda, pamoja na vitabu na kumbukumbu. Galari ilisimama tena, heko kwao. Lakini kuna wasanii ambao hakuna mahali pengine palikuwa pameandikwa kwamba waliwahi kutundika kazi pale. Mchoro ukichomeka unapoteza kitu kimoja. Daftari likichomeka unapoteza hata orodha ya vitu ulivyopoteza.

Wewe je?

Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tulikariri hiyo methali tukidhani ni ya wenye duka.

Sisi kizazi chetu tunajua nguvu ya rekodi, tunajifanya tu. Mwambie mtu yeyote hapa Nairobi afute meseji zake za M-Pesa, uone atakavyokuangalia. Tunajua siku landlodi akisema hajaona rent, ile meseji ndiyo wakili wetu. Sasa mbona kazi ya mikono yako, ile ilikukesha wiki tatu, umeiuza kwa simu, mnunuzi akaibeba na Uber, na leo hujui iko wapi, ulilipwa ngapi, hata picha yake ilipotea simu ilipoibwa?

Kisha baada ya miaka 30 itatokea mnada London, na utakuwa unaelezea watu kwamba wewe ndiye ulichora.

Huhitaji makarani wa rue La Boétie. Piga picha ya kazi, mbele na nyuma. Ipe nambari. Andika jina, ukubwa, tarehe, nani amechukua, kwa bei gani. Weka nakala mahali pawili ambapo moto mmoja ama mwizi mmoja hawezi kufika kote. Ni dakika tano. Na ukienda ushago, mpige picha shosho na vitu vyake, umuulize vilitoka wapi, uandike anachosema na siku aliyosema.

Hakuna mtu atalaiki hizo rekodi. Hazitatrendi. Rosenberg naye hakuna mtu alimpigia makofi kwa kadi zake. Ila 2015 mlango ulifunguliwa Munich kwa sababu yake, na yeye alikuwa kaburini miaka 56.